Trela la Jeshi Katika Milima ya Wales

Jeshi libadilipo vyombo vyake, vile vya zamani mara nyingi havitupwi, bali huuzwa. Huko Uingereza wakulima huvitafuta sana, hasa matrela madogo yaliyovutwa zamani na Land Rover za askari, kwa sababu yalitengenezwa kwa ajili ya matope na mawe. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 tulifuatana na mfugaji mmoja wa kondoo, mtu wa milima ya Wales, kwenda kuchukua trela la namna hiyo katika jimbo la Shropshire. Majani makavu ya kondoo wake yalikuwa ng'ambo ya kijito, na majira ya baridi yalikuwa yakikaribia.

Tulipita kwanza Ironbridge, maana yake Daraja la Chuma. Daraja hilo lilisimamishwa mwaka 1779 juu ya mto Severn, likafunguliwa mwaka 1781. Nalo ni daraja kubwa la kwanza la chuma ulimwenguni. Tangu mwaka 1934 magari hayapiti juu yake, ila watu kwa miguu. Penye nyumba ya ushuru upo ubao wa bei za zamani, nao waonya kwamba askari, awe kazini asiwe kazini, sharti alipe, hata na jamaa ya mfalme. Tulicheka sana. Trela letu, kama lingalikuwako siku zile, lingalitozwa fedha sawa na mkokoteni wa mkulima!

Muuzaji alikaa si mbali na Hadley, palipokuwa na kiwanda kikubwa cha Sankey, kampuni iliyotengeneza matrela hayo. Lilikuwa la rangi ya kijani, lenye kutu kidogo pembeni. Magurudumu yake ni kama yale ya Land Rover, hata gurudumu moja la akiba latosha gari na trela. Mbele ina pete nene ya chuma iingiayo katika kulabu ya gari. Pete hiyo huweza kuzunguka, ili gari likiinama upande katika njia mbaya, trela lisipinduliwe nalo.

Taa hazikutusumbua sana. Plagi ya jeshi ina pini 12, ya raia 7. Na taa za trela zilikuwa za volti 24, hali gari letu lina volti 12. Mwenyeji wetu alikuwa amekuja na plagi na balbu zake mfukoni.

Neno kubwa lilikuwa breki. Katika trela hili dereva hana kanyagio la kulisimamisha. Gari lipunguzapo mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma, na msukumo huo wenyewe hubana breki. Basi tuliliinua kwa jeki, tukajaribu. Gurudumu la kulia lilishika vizuri. La kushoto liliendelea kuzunguka kama tiara.

“Bwana, litashika lenyewe njiani,” akasema muuzaji.

“Mzee wangu, njia yangu yashuka Nant Ffrancon,” akajibu mfugaji. “Breki isiposhika, naliacha hapa hapa.”

Alikuwa na haki, na sheria ilikuwa upande wake: trela ambalo uzito wake pamoja na mzigo wapita kilo 750 sharti liwe na breki. Muuzaji alinuna, akaingia ndani. Kisha akatoka na nyundo na mafuta. Fimbo ya breki ilikuwa imeganda kwa kutu. Kazi ilichukua saa mbili.

Ndipo tukashika barabara iliyopangwa na Thomas Telford zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa ajili ya magari ya farasi yaliyopeleka barua Holyhead. Aliipitisha milimani kwa mwinuko mdogo, ili farasi waweze kuvuta. Hatukupita kilometa 80 kwa saa, kwani ndiyo amri ya wenye trela katika njia hiyo.

Baada ya ziwa Ogwen mvua ilianza, na bonde la Nant Ffrancon likafunguka chini yetu, jeusi. Dereva alipunguza gia. Tulisikia trela likisukuma mara moja, kisha magurudumu yote mawili yakashika, nalo likatufuata sawasawa, bila kuyumba, mpaka chini. Hakuna aliyesema neno mpaka taa za Bethesda zilipoonekana.

Kesho yake asubuhi lilivuka kijito likiwa na majani makavu tele, na kondoo wakalifuata nyuma.