Kuku wa Mwitu wa Bara Hindi

Katika misitu ya Bara Hindi wako kuku wa mwitu wa namna mbili. Mwekundu hukaa kaskazini na mashariki. Wa kijivu hukaa kusini na magharibi. Wote huchakura ardhini mchana, na usiku hulala mitini. Mwekundu huwika kama jogoo wa nyumbani, maana ndiye babu yake. Lakini mwaka 2008 wataalamu walitambua kuwa ngozi ya manjano ya kuku wetu wengi ilitoka kwa yule wa kijivu. Huyu aliwindwa sana kwa manyoya ya shingo, yaliyotengenezewa chambo cha samaki. Hatari ya mwekundu ni nyingine: kuku wa vijijini huingia msituni, wakapandana naye, na asili yake ikapotea. Kikulacho ki nguoni mwako.