Kamera Ipi Itufaayo?

Mama yangu alizikwa nasi hatuna hata picha yake moja. Zilizokuwamo katika simu zilipotea simu ilipotumbukia mtoni. Basi mwanangu alipokaribia Komunyo ya Kwanza, na baba amekwisha kuwa mzee sana, niliondoka Gwata kwenda Kariakoo kutafuta kamera.

Nilionyeshwa mbili ndogo zilizokwisha tumika: Sony W800 na Canon A495. Muuzaji akasifu ya kwanza: "Hii, mzee, ina megapikseli 20, ile 10 tu." Ni kweli, tena huvuta kitu cha mbali mara 5, nayo Canon mara 3.3. Lakini kijicho kinachopokea nuru ndani yake ni cha ukubwa mmoja katika zote mbili. Nukta za picha zikizidi, kila moja hupata nuru haba.

Nikauliza habari ya betri. Ya Sony ni ya namna yake, sharti ichajiwe. Canon hutumia mbili ndogo kama za saa ya ukutani, ambazo hata duka la kijijini linazo. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia sherehe, Misa haitatungoja. Nikachukua Canon.

Ndugu, kabla ya kutoa fedha jiulize: kitu hiki nitakitumia wapi? Nawe ukipiga picha, isafishe katika karatasi. Ya baba sasa imetundikwa ukutani, chini ya msalaba.