Breki za Baba Mkwe

Jamani, msinicheke. Katika miaka tisa ya ndoa yangu, aliyekuwa akinitia wivu hakuwa mwanamke. Lilikuwa gari! Beetle ya mwaka 1965, rangi ya maziwa, ambayo mume wangu aliachiwa na marehemu baba yake. Jumamosi mimi nafua, yeye anaosha gari. Sikukuu mimi sina kitenge kipya, gari limepata zulia. Nilishazoea.

Kilichonitoa kwenye mazoea ni mlima. Tulikuwa tumetoka Lushoto kumsalimia bibi yake, tunashuka kwenda Mombo, mwanetu Neema kalala kiti cha nyuma. Waliopita barabara ile wanaijua: kona baada ya kona, huku mwamba, kule korongo. Baba Neema akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama kakanyaga godoro. Akapampu, wapi! Hakusema neno, ila nilimwona shingo imekakamaa. Akarudisha gia namba mbili, gari likalia kwa uchungu, huku anavuta hendibreki kidogo kidogo na kulisogeza upande wa mwamba. Madigadi ikakwaruza mawe weee, tukasimama. Neema akaamka. "Mama, tumefika?"

Hendibreki ndiyo iliyotuokoa, maana yenyewe inavutwa kwa waya, haihitaji mafuta.

Fundi alikuta mpira wa breki wa gurudumu moja la nyuma umepasuka kwa uzee. Mimi nikauliza swali la kijinga: kama umepasuka mmoja tu, mbona yote manne yaligoma? Akacheka. "Shemeji, hili lina masta silinda ya njia moja. Mafuta ni yale yale kwa magurudumu yote. Yakimwagika pamoja, umekosa kote." Akaniambia ipo masta ya njia mbili, mbele kivyake na nyuma kivyake. Upande mmoja ukifa, wa pili unabaki. Gari litachelewa kusimama, lakini litasimama.

Mimi nikajua tumemaliza. Kumbe ndiyo kasheshe imeanza!

"Gari la baba haliguswi," mume wangu akasema. "Tunabadilisha mpira, basi. Litabaki kama lilivyotoka kiwandani." Nikamjibu kwamba mimi na mwanangu hatupandi tena. Wiki mbili tukalala kila mtu na ukuta wake. Wifi akapiga simu kunikumbusha kuwa vitu vya marehemu vina heshima yake. Nikamwambia sawa, wifi, hata mimi sitaki kuwa marehemu. Nakiri, nilikosea kumjibu vile.

Siku moja natafuta karatasi za bima kwenye kidroo cha dashibodi, nikakuta risiti iliyokunjwa mara nne, imefifia. Mwandiko wa baba mkwe pembeni: kubadili umeme, kutoka volti 6 kwenda volti 12. Nikakaa nayo kitini. Mzee mwenyewe aliligusa! Tena hata masta yenyewe si kitu cha kubuni mtaani. Beetle zilizouzwa Marekani zilianza kuja na njia mbili kwenye modeli ya 1967.

Sikusema kitu. Niliiweka risiti chini ya kikombe chake cha chai. Akaisoma, akanywa chai yote, akaniuliza, "Hiyo masta inauzwa wapi?"

Nililipa kwa hela yangu ya upatu. Sikutaka mtu aje kuniambia baadaye nilimlazimisha. Tukanunua na mipira mipya yote, maana fundi alisema huwezi kuweka masta mpya isukume kwenye mipira iliyochoka. Kichupa cha mafuta kikabadilishwa, taa za breki zikaunganishwa kwenye swichi mbili. Fundi alihangaika sana na fimbo ya pedali, anataka ibaki nafasi kama milimita moja kabla haijaigusa pistoni. Bila nafasi hiyo mafuta hayarudi, na breki zinashika zenyewe njiani.

Tulipofika nyumbani pedali bado laini. Upepo umebaki ndani. Jumapili, baada ya ibada, baba Neema akaingia uvunguni na spana na kampira keupe, mimi nikakaa kwenye usukani. Tulianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali kabisa na masta.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo... Haya, achia."

Zaidi ya saa nzima, gurudumu kwa gurudumu. Hatukuwa tumeongea kiasi hicho tangu Lushoto. Tulipofika la mwisho, akakaa kimya. Nikamsikia kutoka chini:

"Siku ile nilidhani nimewaua."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali. Sikujua kama niachie nimfuate, au vipi.

"Usiachie," akasema. "Shikilia."

Nikashikilia. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe.

Masta ya zamani ipo juu ya kabati letu la nguo, imefungwa kwenye gazeti. Nikifuta vumbi, naizunguka.