Kanga Kumi na Moja za Mama



Wapendwa waamini, mwezi uliopita tulikuwa na kazi ya kusafisha stoo ya nyumba ya mapadre, ambayo ilikuwa imejaa hata mlango wake ukakataa kufunguka. Vilitoka humo viti visivyo na miguu, vyandarua vilivyotoboka, kalenda za miaka mingi na, nyuma ya hayo yote, sanduku la bati tulilolifahamu vema. Ndani yake mlikuwa na kanga kumi na moja za mama yetu mzazi, aliyetutoka miaka sita iliyopita huko kwetu Uluguru. Dada zetu walizikunja wenyewe siku ya kuondoa matanga, wakatukabidhi, nasi tukaja nazo parokiani na kuziweka mahali ambapo hatungelazimika kuziona.

Panya walikuwa wameziona kabla yetu. Tulizishika kwa vidole viwili, na tukiri mbele yenu kwamba tulimwagiza kijana aliyekuwa akitusaidia azipeleke kwenye shimo la taka pamoja na vyandarua.

Aliyezuia jambo hilo ni mama mmoja wa WAWATA, fundi cherehani, aliyekuwa akielekea kanisani kubadili vitambaa vya altare. Aliuliza, "Baba Paroko, hizi ni za nani?" Tukamweleza. Hakutulaumu kwa neno lolote. Alichukua kanga ya juu, akaikung'uta, akaiinua kuielekea dirisha ili mwanga upite ndani yake. Kisha akatuonyesha kwa kidole: katikati, mahali ambapo mvaaji hukalia, nyuzi zilikuwa zimebaki chache kama utando wa buibui, lakini pindo, kuuzunguka mji wote, lilikuwa bado zito. "Hapa pamekufa," akasema. "Hapa pazima. Usizichome, Baba."

Tulipolala usiku ule tulikumbuka namna kanga ilivyokuwa ikizeeka nyumbani kwetu. Doti mpya ilikuwa ya Misa na ya misiba. Ikififia, ilishuka ikawa ya shamba na ya jikoni. Ikilainika zaidi ilikuwa mbeleko, kwa maana kanga mpya ina ukakasi na mtoto haipendi. Baada ya mbeleko ilipasuliwa ikawa nepi. Kipande kilichosalia kilizungushwa kikawa kata ya kuwekea ndoo kichwani, au kitambaa cha kushikia sufuria ya moto. Na uzi wa mwisho kabisa tuliuona ukiwaka, kwa maana mama alikuwa akisokota vitambaa vya pamba kuwa utambi wa koroboi, nayo koroboi yenyewe ilikuwa kopo la maziwa lililopitia mikononi mwa fundi bati. Kwa taa hiyo tulisoma hadi tukaingia seminari ndogo. Hakuna aliyetuambia wakati ule kwamba hayo yalikuwa kazi ya sanaa. Ilikuwa tu aibu kutupa.

Wazee wa pwani husimulia kwamba kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunganisha vipande. Katika karne ya 19 wanawake walinunua leso, yaani vile vitambaa vya mraba ambavyo jina lake limetokana na Kireno, vikiwa bado havijakatwa kutoka katika jora. Wakachukua sita, wakazigawa tatu tatu, na kuzishona pamoja kuwa vazi moja. Hivyo mama fundi alipoketi na wenzake kuzigeuza kanga zetu, alikuwa akiirudisha kanga kwenye asili yake.

Kazi yenyewe ilianza kwa maji. Kanga zote zilifuliwa, zikaanikwa kivulini, zikagawanywa mafungu. Vipande vyenye nguvu vilikatwa kwa kipimo kimoja, kwa ajili ya shuka la viraka na foronya. Vilivyokuwa vya wastani vilichanwa kuwa tepe ndefu, zikasukwa tatu tatu mithili ya ukili, kisha msuko ukazungushwa na kushonwa kuanzia katikati mpaka ukawa zulia la mviringo la kuwekwa mlangoni. Vilivyokuwa hoi vilikatwakatwa vikajazwa mtoni. (Kuhusu vyandarua, mmoja alipendekeza vifunikie vyakula. Akina mama walikataa, na walikuwa na haki, kwani vina dawa ya kuua wadudu. Si kila kikuukuu kinafaa kugeuzwa.)

Upande wa chini wa shuka ulihitaji kitambaa kizima, nasi tukatoa fedha kinunuliwe cha marekani, kile cheupe kisichopaushwa, ambacho hadi leo kina jina la nchi iliyokileta Zanzibar kwa meli miaka mingi kabla ya babu zetu kuzaliwa. Tulitaraji kushona kuanze siku hiyohiyo. Badala yake fundi alikitumbukiza ndani ya beseni la maji. Tulipouliza sababu, alitutazama kama mtu anayemhurumia mwanafunzi wake. "Kipya kinarudi, Baba. Hizi za mama zilikwisha kurudi zamani. Nikivishona pamoja leo, siku ya kufua kipya kitavuta na cha zamani kitapasuka."

Wapendwa, mfano wa kiraka kipya juu ya vazi kuukuu tumeuhubiri kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Tulifundishwa maelezo yake seminarini na tukafaulu mtihani. Lakini hatukuwahi kujiuliza ni kwa nini hasa kiraka kile kinalichana vazi, wala hatukufikiri kwamba Bwana aliliona jambo hilo nyumbani, kwa macho yake, mikononi mwa mwanamke aliyekuwa akifua na kushona. Jumapili moja ijayo tutalazimika kuandika upya homilia ile.

Sasa tufike pale tulipokosea. Tukiwa na furaha, tulipiga picha ya vipande vya kwanza na kumtumia dada yetu mkubwa. Kimoja kilikuwa na neno MAMA peke yake, likiwa limebaki kutoka kwenye kanga iliyoandikwa NANI KAMA MAMA, na sisi tuliona kuwa limependeza. Simu iliita baada ya dakika mbili.

"Padre, nani kakuruhusu kukata?"

Tulianza kueleza habari za panya. Hakutaka kusikia. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na vitu vya mama vina wenyewe, yaani binti zake. "Tulikupa uzitunze kwa sababu nyumba yako haivuji," akasema. "Hatukukupa zikawe zako." Akakata simu. Tumekwisha kusuluhisha magomvi mengi ya mirathi katika ofisi ya parokia, mengine ya nyumba na mashamba, lakini siku ile tulikaa na simu mkononi bila kuwa na la kusema. Kanga tatu zilikuwa zimekwisha kukatwa. Mama fundi aliposikia, aliweka mkasi chini na kusema kazi isimame hadi wenyewe waje.

Dada alifika Jumamosi kwa basi, hakutusalimu kwa uchangamfu, akaomba aonyeshwe zilizobaki. Alizikunjua moja moja juu ya mkeka. Alijua kila moja: hii mama alivaa siku ya ndoa yake, hii ilimbeba mdogo wetu aliyefariki kwa surua, hii ilinunuliwa kwa fedha za kahawa. Sisi tulikuwa tumeishi na kanga hizo miaka sita bila kujua lolote kati ya hayo. Alipomaliza, alitenga tatu. Kisha akamwomba fundi mkasi, akazikata tano zilizosalia kwa mkono wake mwenyewe, akilia, na akina mama wakaendelea kushona pembeni yake bila kumsemesha.

Shuka limekwisha, naye ndiye aliyeondoka nalo. Kanga mbili nzima ziko kwa dada zetu. Ya tatu alituachia, akisema ndiyo iliyotubeba sisi mgongoni. Imekunjwa juu ya kiti chumbani, na pindo lake limeliwa na panya upande mmoja.

Akina mama wa WAWATA wameamua kuendelea na kazi hii kila Alhamisi baada ya Misa ya jioni, katika ukumbi wa parokia. Leteni kanga na vitenge vikuukuu, vikiwa vimefuliwa. Anayeleta nguo za marehemu azungumze kwanza na ndugu zake.