Komoro: Mlima usio na maji

Katika soko la Volo Volo mjini Moroni, binti wa miaka 12 kutoka Dar es Salaam alilipia ndizi, akashangaa muuzaji akimwambia "marahaba" wakati hakumwamkia. Mama yake alicheka. Kwa Wakomoro, marahaba ni asante.

Familia hiyo ya watu wanne ilikwenda Komoro likizo ya Juni, msimu wa kiangazi. Sokoni walikuta nazi, mashelisheli, majimbi na samaki kama nyumbani. Kulikuwa pia na vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi. Lakini baba alitafuta kwanza maji ya chupa.

Kisiwa cha Ngazidja, ulipo mji wa Moroni, hupata mvua nyingi lakini hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wake wa volkano una vitundu vingi, hivyo mvua ikinyesha maji hudidimia chini. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi la zege la kukingia maji ya mvua. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia kwenye matangi hayo, na watu wengi wakakosa maji safi. Mwaka 2024 visiwa hivyo vilikumbwa na kipindupindu. Kwa hiyo sheria ya mama ilikuwa moja: maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yatoke kwenye chupa iliyofungwa, na hakuna kumenya ndizi kabla ya kunawa mikono.

Karthala una urefu wa mita 2,361, na njiani hakuna kisima wala kijito. Katika kijiji cha Mvouni, mwongozaji aliuliza habari za maji kabla ya kutazama viatu. Kila mtu alibeba lita 2. Waliianza safari alfajiri, wakapita mashamba ya migomba, kisha msitu wenye ukungu.

Kijana wao wa miaka 9 alimaliza maji yake kabla msitu haujaisha. Mwanzoni alikuwa akiimba, baadaye akanyamaza. Akasema kichwa kinamuuma. Alipokwenda haja ndogo, mkojo ulikuwa kidogo na wa njano iliyokolea.

Baba alitaka waendelee. Walikuwa wamelipa nauli ya ndege, na shimo la volkano lilikuwa karibu. Mama alikataa. Alimkalisha mtoto kivulini, akachanganya pakiti ya ORS katika lita moja ya maji ya akiba, akawa anamnywesha kidogo kidogo. Mwongozaji alimuunga mkono. Mtoto alipopata nguvu, wakaanza kushuka. Baba hakusema neno mpaka Mvouni.

Siku mbili baadaye walivuka kwenda Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, watoto wakiwa wamevaa maboya. Mwali kuna vijito. Milimani waliona popo wa Livingstone, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hufika karibu mita 1.4. Popo hao hawapatikani popote duniani isipokuwa Mwali na Nzwani. Walitazamwa kwa mbali, bila kuguswa.

Usiku, katika ufukwe wa Itsamia, kasa alipanda mchangani kutaga mayai. Mwongozaji wa kijiji aliwazuia kuwasha tochi wala simu, kwa sababu mwanga humfanya kasa arudi baharini bila kutaga. Kijana alilala kifudifudi kwenye mchanga, akihesabu mayai kwa kunong'ona. Alipofika 60 alimshika baba yake mkono.

"Mlima tutaupanda lini?" aliuliza.

"Ukiwa na miaka 12," baba alijibu. "Na maji nitabeba mimi."

Mzazi unayepanga safari kama hii, mpangie kila mtoto maji yake, na beba akiba na pakiti za ORS. Mtoto akinyamaza ghafla, akaumwa kichwa au mkojo wake ukakolea, simamisheni safari. Akizidi kulegea, asiposhika maji au asipokojoa, mwahishe hospitali. Mlima hauhami.