Na Wewe, Ulilalaje?

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kulala Nyeri mwezi wa Julai, basi baridi wewe unaisikia redioni tu. Huku kwetu baridi haibishi hodi. Inaingia kwa upenyo wa dirisha, inapita chini ya mlango, na kufikia saa kumi za usiku imeshakukuta chini ya mablanketi matatu. Asubuhi ukifungua mlango, huuoni hata mti ulio hatua ishirini kutoka kizingitini. Ni ukungu mtupu. Mlima Kenya wenyewe, pamoja na urefu wake wote wa mita 5,199, hujificha wiki nzima kama mwari.

Wenyeji huuita msimu huu gathano. Huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Jua wakati huo limehamia upande wa kaskazini wa dunia, na upepo wa kusini-mashariki unaleta unyevu kutoka Bahari Hindi. Unyevu huo ukifika kwenye miteremko ya milima hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu mazito yanayokaa chini chini kama kifuniko cha sufuria. Kuna siku jua halionekani kutwa.

Nimeyasema haya ili unielewe nikikwambia kwamba katika msimu kama huo, mtu aliyestaafu, ambaye watoto wake wako Nairobi na ng'ambo, anaweza kukaa siku tatu bila kusema na mtu ila paka. Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Kamakwa. Niliyajua hayo mwaka wa kwanza tu baada ya kuiacha chaki.

Kilichoniokoa ni marafiki watatu na ndege.

Usicheke, msomaji. Wa kwanza ni jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha. Ni mjane, na mapacha wake wamekwisha kuwa na watoto wao. Wa pili ni Mama Duka wa Nanyuki, tuliyesoma naye shule ya msingi. Wa tatu ni Mzee Posta wa Karatina, aliyefanya kazi ya kupanga barua hadi akastaafu, na ambaye bado hawezi kupitisha siku bila kupeleka habari mahali. Kila asubuhi, ikifika saa moja, Mama Pacha huniflashi, nami humpigia. Kisha nampigia Mzee Posta, naye humpigia Mama Duka. Ndivyo tulivyozoea.

Habari zenyewe? Bei ya viazi sokoni Karatina. Matatu iliyokwama kwenye matope. Mjukuu aliyeng'oka jino. Lakini zaidi ya yote, ni habari za viumbe vya uani. Mama Duka hutusimanga kwa jua lake, kwa sababu Nanyuki, ingawa ni kilomita 60 hivi tu kutoka hapa, iko upande mkavu wa mlima. Usiku wao ni wa barafu, lakini asubuhi mara nyingi mlima wanauona wote, theluji na vilele, huku sisi tumefunikwa gubigubi. "Leo nimekupigieni mlima saluti kwa niaba yenu," hutuambia.

Mzee Posta yeye ni mtu wa vinyonga. Ua lake la kayaba limejaa vinyonga wa pembe tatu, wale ambao dume lake huonekana kama kifaru mdogo aliyepakwa rangi ya kijani. Watu wengi kwetu humwogopa kinyonga. Ukimshika mkononi, utaona majirani wakikimbia. Wazee walisimulia kwamba yeye ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaletea wanadamu ujumbe wa uzima, akachelewa kwa mwendo wake wa kusitasita, na ndege akafika mbele yake na ujumbe wa kifo. Lakini Mzee Posta, kama mtu wa barua, anamhurumia. "Mimi najua," husema, "barua ikichelewa, lawama zote humwangukia aliyeibeba."

Kwake yeye ndiko nilikojifunza kwamba kinyonga huyu hatagi mayai kama wenzake wa pwani. Huzaa watoto walio hai, zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja. Wataalamu wanasema jambo hili huwafaa wanaoishi nyanda za juu, kwani mayai yangezikwa kwenye udongo baridi, lakini mama anaweza kuyabeba tumboni na kutembea nayo kuelekea jua. Asubuhi hujigeuza rangi nyeusi nyeusi ili avute joto, na hugeuza ubavu mmoja kuelekea kule mwanga unakotoka. Na ajabu zaidi, mwaka wa 1972 baadhi yao walipelekwa Hawaii kuuzwa kama wanyama wa kufugwa, wakaachiwa, na hadi leo wanazaana huko. Mzee Posta husema hao ndio Wakenya wa kwanza kupata makazi Marekani bila viza.

Mimi zamu yangu ni chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, wanaofyonza maua ya mishubiri iliyo mbele ya nyumba yangu. Dume mmoja humetameta kama shaba iliyosuguliwa. Nilikuwa nikijiuliza kiumbe chenye uzito wa barua kinapitaje usiku wa gathano. Nikaja kusoma kwamba baadhi ya chozi wa milimani hushusha joto la miili yao usiku, ili wasimalize akiba ya chakula kabla ya mapambazuko. Wanajizima kidogo, kama taa ya koroboi iliyopunguzwa utambi.

Na Mama Pacha alikuwa na kuzumburu. Ni wale ndege wa rangi ya udongo, wenye kishungi na mkia mrefu kuliko mwili, wanaopenya matawini kama panya. Wakulima hawawapendi hata kidogo kwa sababu hula mapera, lukwati na hata machipukizi ya mboga. Mama Pacha naye aliwatukana mchana kutwa. Lakini jioni ikifika alikuwa akisimama dirishani kuwatazama, kwa kuwa kuzumburu hawalali kila mmoja kivyake. Hukusanyika kwenye tawi, wakajibana kifua kwa kifua, wakaning'inia kama shada la ndizi, wakapeana joto hadi asubuhi.

"Mwalimu, wageni wangu leo ni tisa," angeniambia. Siku nyingine saba. Siku nyingine kumi na moja.

Mwanangu wa Nairobi aliponisikia siku moja alicheka sana. "Mama, hizi ndizo habari mnazomalizia pesa za simu?" Sikumjibu. Moyoni niliona aibu kidogo. Nilifikiri labda kweli tumekuwa wazee wa kupoteza wakati.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka.

Ilikuwa asubuhi moja ya Julai, miaka michache iliyopita. Ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kukatwa kwa kisu. Saa moja ikafika, simu haikulia. Saa moja na nusu, kimya. Nikajiambia labda Mama Pacha amepitiwa na usingizi, au simu haina chaji. Nikukiri ukweli: nilikuwa kitandani, kumepata joto, na sikutaka kuamka. Nikampigia, ikaita mpaka ikakatika. Hata hapo nilipika chai kwanza nikanywa. Kikombe hicho cha chai hadi leo kinanisumbua.

Karibu saa mbili nikavaa kabuti, nikajifunga leso kichwani, nikatoka. Pazia zake zilikuwa zimefungwa. Kuzumburu walikuwa bado wamejibana kwenye mlukwati, na hakuna aliyewafukuza. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikabisha, nikaita, nikagonga dirisha. Kutoka ndani nikasikia mguno.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita alivunja kioo akaingia. Tulimkuta Mama Pacha kando ya kitanda, ametapika, macho hayatambui mtu. Karibu na mlango kulikuwa na jiko la makaa, majivu yamefunika vipande vichache vilivyokuwa bado vyekundu. Chini ya mlango alikuwa ameziba kwa gunia ili baridi isipite. Tulimbeba hadi nje, kwenye ukungu, na kutoka hapo hospitalini, ambako aliwekewa oksijeni. Baada ya siku mbili akarudi nyumbani. Daktari alisema saa moja zaidi na pengine tungekuwa tunapanga mazishi.

Msomaji, makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na hutoka hata kama huoni moshi wowote. Katika damu, gesi hiyo hujishika na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa ilhali mtu anapumua. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Huo usingizi ndio mtego, kwa sababu aliyelala hawezi kuamka akafungue dirisha. Kila msimu wa baridi tunasoma magazetini habari za familia zilizokutwa zimelala milele karibu na jiko. Jiko lisilale na watu. Ni afadhali uongeze blanketi, uvae soksi na kofia ya sufi, au ujaze maji ya moto chupani uikumbatie.

Lakini hilo si ndilo lililonikosesha usingizi mwezi mzima baadaye.

Siku aliyorudi nilikaa naye jikoni, tukimenya viazi. Nikamuuliza, "Mama Pacha, kwa nini hukuniambia kwamba chumba chako kimekuwa baridi kiasi hicho? Si ningekuletea blanketi?"

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Mwalimu, hukuniuliza. Uliniuliza kuzumburu walikuwa wangapi."

Alikuwa amelala na jiko wiki nzima. Blanketi zake mbili nzuri alikuwa amempa mjukuu aliyekwenda shule ya bweni, na aliona haya kusema. Nasi kila asubuhi tulikuwa tukiongea! Nilijua idadi ya ndege kwenye mti wake, nisijue idadi ya mablanketi kitandani mwake. Sisi watu wa milimani tuna heshima ya namna hiyo. Ukituuliza hali, tunajibu ni njema, tunakimbilia kuzungumzia mvua, ng'ombe na ndege.

Hata hivyo siwezi kuzilaumu habari za ndege. Kama Mama Pacha hangekuwa na desturi ya kuniflashi kila saa moja, ukimya wake ungenishtua vipi? Zile habari ndogo ndogo zilikuwa kama kamba, mtu akiiachilia upande wa pili unajua. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa hapa Nyeri katika kijiji cha Ihithe mwaka 1940, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 mbele ya ulimwengu mzima, alisimulia jinsi alivyokuwa mtoto akienda mtoni kuteka maji, akacheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Hakuona aibu kuleta vyura mbele ya wakuu. Nami nimeacha kuona aibu kwa ajili ya kuzumburu.

Kitu tulichobadilisha ni kimoja tu. Baada ya ndege, vinyonga na mlima, kuna swali la mwisho ambalo kila mmoja wetu lazima aulizwe, na haruhusiwi kujibu "salama" peke yake: "Na wewe, ulilalaje?" Mzee Posta siku ya kwanza alinyamaza muda mrefu, kisha akasema magoti yamemkataa na tangu Jumatatu hajatoka nje. Kumbe hao vinyonga wa wiki hiyo alikuwa akiwatunga! Mama Duka naye alikiri kwamba jua la Nanyuki analiona, lakini hana wa kuliota naye.

Sasa msomaji, leo ni Jumapili. Huenda una mama, nyanya, shangazi au mwalimu wako wa zamani Nyeri, Othaya, Karatina, Naro Moru au popote penye baridi. Mpigie. Usianze na matatizo, anza na ua lake: maua yamechanua? Ndege wamekuja? Atafurahi, ataongea. Kisha, kabla ya kukata simu, muulize amelala na mablanketi mangapi, na jiko analiweka wapi usiku.

Mwanangu naye siku hizi hupiga kila jioni. Jana aliniuliza chozi wa shaba amerudi kwenye mishubiri. Nilimwambia bado. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza nililalaje.

Nilimwambia ukweli. Blanketi analeta wiki ijayo.