Choroko Mbele ya Mwezi

Jumatano, 5 Novemba 2025, usiku

Coco Beach leo hapakuwa na pa kukanyaga. Tangu asubuhi simu zilitangaza kuwa mwezi uko karibu kuliko wakati wowote mwaka huu: takriban kilomita 357,000, wakati wastani wake ni 384,400. Ulipochomoza baharini, mwekundu, mpana kama sinia, watu wakapiga mayowe. Shemeji akanigeukia: "Si nilikwambia? Umesogea!"

Kusogea umesogea, lakini kwa hesabu kipenyo huongezeka kama asilimia 8 tu juu ya wastani. Tena sasa ni saa sita usiku, niko uani, mwezi umepanda na umekuwa kitu kidogo tu. Na sasa ndipo uko karibu zaidi, kwani dunia katika kuzunguka kwake imetusogeza kuuelekea karibu kilomita 6,000.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimegandisha punje ya choroko kwenye kijiti cha meno. Ufukweni nilinyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikaipeleka punje mbele ya mwezi uliokuwa ndio kwanza unatoka majini. Ikauziba karibu wote. Nimerudia hapa nyumbani ukiwa juu: inauziba vilevile. Basi jicho linapokea picha ileile, upana wa nusu digrii hivi, na ukubwa unaongezwa baadaye, ndani ya kichwa.

Niliinama pia nikautazama kupitia katikati ya miguu. Ukasinyaa. Muuza mihogo akaniuliza kama nimeangusha hela.

Jumamosi, 8 Novemba

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir huko Kairo yapata miaka elfu iliyopita, alikwisha kulitafakari hili. Alisema jicho hupokea pembe tu. Ukubwa tunauamua kwa kuiunganisha pembe hiyo na umbali.

Na umbali tunaujuaje? Macho yetu yameachana kama sentimita 6, kila moja lina picha yake, na ubongo huipima tofauti. Kwa kikombe kilicho mezani hiyo inatosha. Kwa mwezi tofauti haipo kabisa, kwa hiyo ubongo hutafuta ushahidi mwingine: mawimbi yanayozidi kubanana kadiri yanavyokwenda mbali, meli zinazosubiri bandari, utusitusi wa upeo. Vyote vinasema huko ni mbali mno. Utosini hakuna cha kupimia. Pembe ileile ikihesabiwa kuwa ya kitu cha mbali zaidi, kitu hicho lazima kionekane kikubwa zaidi.

Mwaka 1962 Wamarekani Lloyd Kaufman na Irvin Rock walichapisha majaribio yao: mandhari iliyo mbele ya mwezi ikifichwa, ule ukubwa unapotea.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemweleza Shemeji. Akanikata: "Mbona mimi niliuona uko karibu, siyo mbali?"

Amegusa penyewe, kila mtu husema hivyo. Watetezi wa hoja ile hujibu kuwa ubongo hupiga hesabu ya umbali bila kutushirikisha, hutuletea jibu tu: mkubwa. Kisha sisi wenyewe hujiambia, kikubwa hivi, basi kiko karibu. Jibu lao halijanitosheleza, na wataalamu bado wanabishana.

Shemeji anasema macho ni waongo, na hapo ndipo tunapoachana. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotuvusha barabara. Bajaji ikipunguza umbali kwa nusu, picha yake jichoni huwa na upana mara mbili, na hakuna anayeiona bajaji ikivimba. Tunaiona inakuja, tunangoja. Ubongo umezoea mambo ya umbali wa hatua na mitaa, na mwezi umeuzidi kimo. Ndiyo maana kujua hakusaidii: Alhamisi nilikuwa na choroko mkononi na bado niliuona mkubwa.

Tarehe 4 Desemba utakuwa mpevu tena. Nataka kuutazama kupitia tundu la boksi, bahari isionekane kabisa. Shemeji amekubali kulishika, kwa sharti kwamba mihogo nalipa mimi.